Tuna watoto watano. Huyu mmoja tumpeleke shule ya kulipia?

Mama, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali hapa Morogoro, nina miaka 40. Mume wangu ni fundi magari, gereji anachangia na wenzake wawili. Tumejaliwa watoto watano. Kifungua mimba ni binti wa miaka 17, yuko kidato cha nne. Anafuata kijana wa kidato cha pili, kisha binti wa darasa la tano, kisha mvulana wa miaka 7 aliyeko darasa la kwanza. Kitinda mimba ana miaka miwili.

Mzozo umeanzia kwa huyu wa darasa la kwanza. Ni mwepesi mno. Alijua kusoma kabla hajaanza shule, kwa kuchungulia madaftari ya dada zake. Mwalimu wake alimwambia mume wangu kwamba huyu mkimwacha kayumba, yaani hizi shule za serikali, mtampoteza, na tangu siku hiyo baba watoto hasikii lingine. Anataka Januari tumhamishie shule ya mchepuo wa Kiingereza. Ada ni shilingi 1,600,000 kwa mwaka, basi la shule 500,000, hapo sijataja sare wala michango. Mimi baada ya makato ya mkopo nashika 650,000 kwa mwezi. Yeye siku nzuri anarudi na 20,000, siku mbaya anarudi na njaa. Hoja yake ni moja: "Tukimsomesha mmoja vizuri, atawavuta wenzake."

Nilikuwa nimeshaanza kukubali, Mama. Kilichonirudisha nyuma ni jino la binti yangu mkubwa.

Kadi yangu ya bima inabeba mwenza na wategemezi wanne. Alipozaliwa wa tano ilibidi mmoja atoke, tukamtoa mkubwa kwa sababu haumwiumwi. Mwezi wa saba nikamwona anatafuna upande mmoja. Nikamuuliza, akasema si kitu. Kumbe jino lilikuwa limemsumbua wiki tatu, usiku anasukutua maji ya chumvi jikoni peke yake. Nilipomgombeza kwa nini hakusema, akanijibu taratibu, wala hakuinua sauti: "Mama, mimi sina kadi. Na pesa najua inatafutwa ya mdogo wangu."

Tulikaa kimya. Kisha akaendelea, nadhani alikuwa ameyaweka muda mrefu. Akanikumbusha kwamba yeye naye alianzia shule ya kulipia, tulipokuwa na watoto wawili tu. Alipofika darasa la tatu mimba ya wa nne ikaingia, mfuko ukakaza, tukamhamisha. Mdogo wake alipozaliwa, yeye alikuwa na miaka kumi, na ndiye aliyembeba mgongoni jioni zote nilipokuwa nasahihisha madaftari au nafundisha tuisheni. Hata huko kusoma mapema tunakokusifia, aliyemfundisha herufi ni yeye. Mkutano wa wazazi shuleni kwao sijawahi kwenda hata mmoja tangu aingie sekondari, kwa sababu kila mara kulikuwa na kliniki ya mtoto au homa ya mwingine. Akaniuliza, "Mama, unajua masomo ninayosoma?" Nikataja sita, anasoma tisa.

Mama, mimi ni mwalimu. Wazazi wengine ninawaita ofisini na kuwasema.

Juu ya hayo, mama mkwe yuko Kilosa na kila tukienda anauliza wa sita yuko wapi. Anasema wavulana wawili ni wachache, na kila mtoto huja na riziki yake. Mume wangu hacheki wala hakatai, na kimya chake nakijua.

Naomba unisaidie mambo mawili. Je, tumewapunja watoto wetu kwa kuzaa wengi? Na huyu mvulana tumpeleke au tusimpeleke?

Mama wa Watano, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nilisimama palepale pa maji ya chumvi jikoni.

Nianze na swali lako la pili, maana lina tarehe. Januari hiyo msimpeleke. Nitakueleza kwa nini, na sababu zangu nyingi nimezitoa kwenye hesabu zako mwenyewe.

Ada na basi ni shilingi 2,100,000 kwa mwaka. Mshahara unaoushika kwa mwaka mzima ni 7,800,000. Maana yake zaidi ya robo ya kile unachokipokea inakwenda kwa mtoto mmoja kati ya watano, na itakwenda hivyo mpaka amalize msingi, kama ada haitapanda. Mwaka ambao gereji italala, mtamtoa. Mtoto wa kuanza shule ya kulipia na kutolewa katikati mnaye tayari ndani ya nyumba, na amekwambia kwa kinywa chake alivyolipokea.

Sasa hiyo hoja ya baba watoto, kwamba atawavuta wenzake. Siidharau, ni hoja iliyojenga koo nyingi nchini humu. Lakini kaeni chini mhesabu miaka. Kijana ana miaka 7. Akienda vizuri bila kukwama popote, atapata shahada akiwa na miaka 23 au 24, na kazi haitamsubiri mlangoni. Wakati huo dada yake mkubwa atakuwa na miaka 33 au zaidi, huenda ana watoto wake. Kaka yake atakuwa amepita 30. Atamvuta nani? Labda kitinda mimba peke yake. Aliye karibu kabisa na kuvuta wenzake, kama hilo ndilo mnalolitafuta, ni huyu wa kidato cha nne ambaye mtihani wake ni Novemba hii. Akifaulu, kidato cha tano na cha sita katika shule za serikali havina ada tangu 2022. Ila fomu ya kujiunga itakuja na orodha ndefu: godoro, shuka, ndoo, sare, vifaa, nauli ya kwenda mkoa wa mbali. Orodha hiyo itawafikia katikati ya mwaka uleule ambao milioni mbili zitakuwa zimeshalipwa kwa mdogo wake. Mwanangu, mnajua nani atakayeambiwa asubiri.

Yako mambo ambayo watafiti wa uchumi wa familia wameyahangaikia miaka mingi, nayo yanagusa nyumba yako. Mwaka 1973 Gary Becker na H. Gregg Lewis waliandika kuhusu uhusiano wa idadi ya watoto na kile ambacho mzazi anaweka kwa kila mmoja. Wazo lao, kwa lugha ya jikoni, ni hili: watoto wanapokuwa wengi, kuinua kiwango kunakuwa ghali, kwa sababu ukishaamua kwamba mtoto wa nyumba hii anasoma shule ya namna fulani, unaamua mara tano. Nyinyi mnaweza kulipia mara moja, na ndiyo maana mnachagua. Ukichagua mmoja, wanne wanaelewa kwamba hawakuchaguliwa. Watoto hawahitaji kuelezwa. Binti yako alijua pesa inatafutwa kwa ajili ya nani kabla hamjatangaza.

Hili linanipeleka kwenye swali lako la kwanza, kama mmewapunja kwa kuzaa wengi. Usiku wa manane ukijilaumu kwa namba tano, unalaumu kitu kisichokuwa na kosa lote. Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba kila mtoto anayeongezeka anapunguza elimu ya waliotangulia, kama maji yanavyoongezwa kwenye chai. Mwaka 2005 watafiti watatu, Black, Devereux na Salvanes, waliangalia takwimu za watu wa Norway wote, si sampuli tu. Wakaona kwamba ukizingatia mtoto ni wa ngapi kuzaliwa, ukubwa wa familia wenyewe karibu haubaki na uzito. Kilichobaki ni nafasi ya kuzaliwa: waliofuata walisoma kidogo kuliko waliotangulia. Israel nako, Angrist na wenzake walichapisha mwaka 2010 matokeo yanayosema kwamba mtoto wa ziada hakuwashusha kimasomo wakubwa zake. Na Marekani, Joseph Price alionyesha mwaka 2008 kwamba mtoto wa kwanza hupata dakika 20 hadi 30 zaidi kwa siku za kukaa na mzazi kwa karibu, ukimlinganisha na wa pili wa umri uleule katika familia inayofanana.

Kwa hiyo huko anayepungukiwa ni anayekuja nyuma. Nyumbani kwako ni kinyume, na nadhani ni kinyume katika nyumba nyingi zetu, kwa sababu moja tu: Norway kuna chekechea, kuna likizo ndefu ya uzazi, kuna mashine ya kufulia. Huku vyote hivyo huwa ni kifungua mimba, hasa akiwa msichana. Yeye ndiye yaya, ndiye tuisheni, ndiye mshahara wa ziada usioandikwa popote. Hata huo wepesi wa mdogo wake ambao mwalimu ameuona una jasho la dada ndani yake. Mwaka 1984 Melba Gomes aliandika kuhusu Kenya na kuonyesha kwamba watoto wa familia kubwa kule hawakuwa nyuma kimasomo kama nadharia ilivyotabiri, na sehemu ya maelezo ni kwamba wakubwa walibeba wadogo. Wengi husoma habari kama hiyo wakafurahi. Mimi huwa nauliza aliyebeba alibaki na nini.

Nauliza kwa sababu namjua mmoja. Sisi kwetu Tanga tulizaliwa tisa, mimi wa tatu. Kaka yetu mkubwa alichaguliwa kwenda sekondari mwanzoni mwa miaka ya 1970, na enzi hizo sekondari ya serikali haikuwa na ada. Baba alikuwa ametangulia mbele ya haki, kilichokosekana ni mikono ya shambani. Akabaki. Mimi nilisoma, nikawa mwalimu, wadogo zangu wakasoma, mmoja ni muuguzi. Kaka hajawahi kutusema hata siku moja. Ila mpaka leo karatasi yoyote ikiingia kwake, ya ardhi, ya hospitali, ya benki, ananipigia simu nije nimsomee, na anasaini pale ninapomwonyesha kidole bila kuuliza. Kila nikiondoka kwake roho inaniuma, na hakuna namna ya kumrudishia tena. Wewe bado una namna. Una miezi michache kabla ya Novemba, tena una miaka mbele.

Basi fanya hivi. Jambo la bima kwanza, wiki hii. Ni kweli kadi ya mtumishi inaishia kwa mwenza na wategemezi wanne, na familia ya watoto watano lazima itakutana na ukuta huo. Nenda ofisi ya bima ya wilaya yako uulize njia iliyopo sasa ya kumlipia mtoto wa ziada. Kama haipo, ama mkiona ni ghali, tengeni bahasha ya matibabu kwa jina la asiye na kadi, iwe na pesa halisi, na yeye aijue ilipo. Hata 10,000 kila mwezi. Mtoto hatakiwi kufanya hesabu kama maumivu yake yanastahili kutajwa. Na jino liende likaangaliwe kama halijaangaliwa, maji ya chumvi hayazibi jino.

Pili, kuanzia kesho mtoe binti jikoni na kwenye kulea mpaka mtihani uishe. Najua utasema nani atafanya. Kijana wa kidato cha pili ana mikono. Naye ana mtihani wa taifa mwaka huu, kwa hiyo asibebeshwe yote, lakini kuosha vyombo na kuchota maji hakujawahi kumfelisha mvulana. Wa darasa la tano atasaidia kidogo kwa umri wake, kidogo kweli, usije ukahamisha mzigo wote kutoka binti mmoja kwenda binti mwingine. Baba watoto akirudi jioni anaweza kumshika huyo wa miaka miwili kwa saa moja. Tuisheni yako ya jioni ipunguze kwa miezi hii, pesa itakayopungua iite ada ya mkubwa.

Tatu, muda. Hapa nisemane nawe kama mwalimu kwa mwalimu. Umeandika kwamba ulitaja masomo sita kati ya tisa, na aibu yako nimeiona. Watoto watano hawawezi kupata dakika sawa kila siku, na anayekwambia wanaweza hajawahi kulea. Lakini kila mtoto anaweza kuwa na siku yake ndani ya wiki, nusu saa ya kukaa na mama bila mwingine katikati. Jumatatu ya mkubwa, Jumanne ya anayefuata, hivyohivyo. Nilipokuwa na wanangu wanne nilikuwa nakwenda nao sokoni kwa zamu, mmoja mmoja. Waliniambia njiani mambo ambayo mezani wasingeyasema.

Na huyu kijana mwepesi? Hajapotea. Yuko darasa la kwanza, mama yake ni mwalimu, dada yake ni mwalimu wa kuzaliwa. Chukueni laki mbili tu kati ya hizo milioni mbili mnunue vitabu vya hadithi, vya Kiswahili na vya Kiingereza, viwe vya nyumba nzima. Kiingereza kinachompa hofu baba yake kinaweza kuanzia hapo. Wa darasa la tano atavisoma, hata mdogo ataviharibu kidogo lakini atavizoea. Inayobaki gawa: bima, maandalizi ya kidato cha tano, michango ya chakula shuleni kwa wale wa msingi, maana mtoto aliyeshinda na njaa hafundishiki, wewe unawaona darasani kwako kila siku. Miaka mitatu ijayo, kama madeni yamepungua na mkubwa ametulia, kaeni tena mlitazame swali hili. Atakuwa na miaka kumi tu.

Sasa mama mkwe. Mheshimu, tena sana, na usibishane naye juu ya riziki. Kauli ile kwa nyakati zake ilikuwa na mashiko: ardhi ilikuwepo, mtoto wa miaka saba alianza kuchunga na kupalilia, na shangazi na bibi walikuwa uani hapohapo. Riziki aliyokuja nayo mtoto ilikuwa mikono yake. Mtoto wako wa leo mikono yake inashika kalamu mpaka anapita miaka 20, na shangazi zake wako mbali. Wahenga hawahawa walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Wala hamko peke yenu katika kufikiri upya: utafiti wa taifa wa afya ya uzazi wa 2015/16 ulionyesha wastani wa watoto 5.2 kwa mwanamke Tanzania, ule wa 2022 ukaonyesha 4.8.

Lakini mazungumzo hayo si yako na mkwe. Ni ya mumeo na mama yake, na kabla ya hapo ni yako na mumeo. Usikiache hicho kimya chake kikuamulie. Mchague usiku ambao hamjagombana, umwambie wazi kama unataka mtoto mwingine au hutaki, na kisha muende pamoja kliniki ya uzazi wa mpango, yeye akiwepo chumbani, asibaki kwenye benchi la nje. Mimi sitawaambia mzae au msizae, hilo ni lenu na Mungu wenu. Ila kabla ya kulijibu swali la wa sita, mwambie kisa cha jino. Mweleze chote, na yale maneno "mimi sina kadi", kama ulivyoniandikia mimi. Nahisi hajakisikia, maana anayekisikia hawezi kuanza na ada ya Januari.

Na binti? Usimwombe msamaha kwa hotuba, atalia na mtihani uko karibu. Mwambie mara moja, kwa sentensi mbili, kwamba umeona na kwamba Januari haitakuwa ya mdogo wake. Kisha uliza mkutano wa wazazi unaofuata shuleni kwao ni lini. Huyo wa miaka miwili akiwa na kliniki siku hiyo, baba yake atampeleka.